Mgeni wa Stoo ya Makaa

Kata limau karibu na mimi uone vile uso wangu utabadilika. Watu hudhani sipendi uchachu. Juzi kwenye harusi ya binamu yangu, dada mmoja alipita na bakuli la maji ya vuguvugu yenye vipande vya limau ili kila mtu anawe vidole baada ya samaki. Mimi nikajikuta nimeinuka, nimetoka nje, nimesimama karibu na jenereta mpaka moyo ukatulia. Mume wangu akanifuata akaniuliza kama nina mimba. Kwa umri huu! Nikamwambia ni joto tu. Sikumwambia kwamba limau hunirudisha Noonkopir, mtaani kwetu Kitengela, kwenye tundu la msumari katika ukuta wa mabati, na kwamba nikiwa darasa la nne nilikaribia kuibomoa hoteli ya mama yangu kwa jicho moja, la kulia.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Wengine huzaliwa na sauti ya kuimba, mimi nilizaliwa na jicho. Nikiwa na miaka saba nilisema muuza maziwa wetu anaongeza maji, nikachapwa kwa kumsingizia mtu mzima. Wiki mbili baadaye akapatikana kwenye tangi la kanisa na debe lake limefunguliwa, haki ya Mungu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kunirudisha nyuma. Nilishuku, nikapatia, na mtoto akipatia mara moja hudhani atapatia siku zote.

Mama alikuwa na hoteli ya samaki. Kama wewe ni wa rika langu na ulipitia Kitengela enzi zile lami ilikuwa moja tu na kila kitu kingine ni vumbi, huenda uliiona: mabati yaliyopakwa rangi ya buluu, meza nne, na kibao kilichoandikwa ZIWANI HOTEL. Ziwa lenyewe lilikuwa mbali, safari ya usiku kucha kwa basi. Noonkopir hata maji ya mfereji tulikuwa tukiyasikia kwa redio tu. Lakini mama alizaliwa kando ya ziwa, na mjomba alikuwa akimtumia samaki, ngege na mbuta, kwenye gunia lenye barafu, na wafanyakazi wa viwanda vya Athi River waliokuwa wamepanga vyumba huku kwetu, wengi wao watu wa magharibi kama sisi, walikuja kula kama watu waliotoka jela. Saa saba mchana ulikuwa hupati pa kukaa. Mafuta yakilia kwenye karai, moshi wa makaa, nyanya zikichemka na vitunguu, ugali unaosimama wenyewe, na mama katikati ya yote na leso kichwani, anageuza samaki bila kuangalia. Mimi kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuparua magamba. Yalininata mpaka kwenye viwiko, na darasani waliniita Omena, yaani dagaa. Niliwazoea.

Baba alikuwa mwalimu, na alikuwa amepelekwa kufundisha Kimana, mbali kabisa upande wa Amboseli. Alikuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, Ijumaa, juu ya lori la vitunguu, na hakuwahi kuja mikono mitupu: gunia la vitunguu, kreti ya nyanya, vyote vya hoteli. Alikuwa mpole, ule upole wa kunyamaza, ambao mtu akikasirika hakuna anayejua mpaka kitu kivunjike. Nilimpenda kupita kiasi. Kila alipoondoka Jumapili niliona kama nimeachiwa nyumba niilinde.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu kwetu alilijua, hata mimi mtoto. Hoteli ilisimama kwa neno la mtu mmoja. Ploti ilikuwa ya Mzee Parmuat, Mmaasai mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa na miguu mibaya, aliyekuwa na boma lake nyuma ya soko. Karatasi haikuwepo. Mama alimwendea nikiwa mgongoni, akamwambia anatafuta mahali pa kukaangia samaki, na mzee akamwambia, "Kaa." Mama akauliza, "Na watu wakikuja kutuambia tutoke?" Akajibu, "Mimi nikisema kaa, ni kaa." Basi. Kwa neno hilo tukapigilia mabati. Lakini mzee alikuwa na kijana wake mkubwa, Saruni, aliyevaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu, na ambaye kila wiki alikuwa akiwaonyesha watu wa Nairobi ploti za kando ya barabara. Akipita kwetu hakututazama sisi, alitazama ardhi tuliyosimamia. Mama alikuwa akisema, "Mungu ampe mzee maisha marefu," na hayo hayakuwa maombi ya mdomo tu.

Sasa ajabu ni kwamba mzee mwenyewe hakuweza kuvumilia harufu yetu. Kwa Wamaasai wa rika lake samaki hakuwa chakula. Walisema ni nyoka wa maji, na mwenye ng'ombe akila nyoka ameaibisha boma zima. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bucha, na wazee walikaa pale kwenye benchi wakingoja nyama ichomeke. Mama akianza kukaanga walifunika pua kwa shuka na kucheka, na Mzee Parmuat ndiye aliyecheka kuwashinda wote. "Mama Ziwani!" alipaza sauti. "Leo nyoka zako zimeiva?" Mama naye, bila kuinua uso, "Njoo uonje, mzee!" Benchi lote likaangua kicheko. Ulikuwa mchezo wao wa kila siku. Kwa hivyo unielewe. Nilipoanza kumwona mzee huyohuyo akiingia kwetu kwa mlango wa nyuma, nilikuwa na hakika ya jambo moja: hakuja kula.

Alikuja Jumatano, saa kumi jioni, hoteli ikiwa tupu. Nilikuwa nimekaa nyuma na beseni langu la magamba mara ya kwanza nilipomwona akichomoka kwenye kichochoro, anachechemea, anatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza mbuzi asiye wake. Nikamwinamishia kichwa anisalimie, jinsi watoto wao hufanya. Akanigusa utosini haraka haraka, akatia mkono ndani ya shuka, akanipa peremende. Peremende! Mzee ambaye sikuwahi kumwona akimpa mtoto kitu zaidi ya baraka. Hata wakati ule nilijua: mtu mzima akikupa peremende bila sababu, sababu anayo.

Mama akatokea mlangoni. Hakushangaa kumwona. Alimwingiza kwenye stoo ya makaa, kile chumba kidogo cha nyuma, akanitazama na kuniambia, "Enda ununue kiberiti." Kiberiti kilikuwepo. Nilikuwa nimekiona asubuhi, kimejaa. Nilipokwenda na kurudi nilikuta komeo la stoo limefungwa kwa ndani, na Nafula, dada aliyemsaidia mama jikoni, anaosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

"Nafula, mama ako wapi?"

"Ako na kazi."

"Kazi gani na mlango umefungwa?"

"We mtoto, ya wakubwa waachie wakubwa. Parua samaki."

Kisha nikasikia mama akicheka mle ndani. Kilikuwa kicheko cha chini chini, cha kujibanabana, na sijawahi kumsikia akicheka hivyo na baba. Nilishika kisu nikaparua samaki mmoja mpaka ngozi ikatoka. Baadaye mzee alitoka akaondoka bila kuniangalia, na mama akapita na beseni la maji. Nikanusa. Limau.

Jumatano iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Safari hii natumwa chumvi, safari ile natumwa kwa mashine ya kusagia unga, na Nafula anaosha sahani safi. Nilianza kumtazama mama kama mtu nisiyemjua. Nilimnusa mikono akinisuka nywele. Niliona kwamba Jumatano huvua aproni na kufunga leso safi. Niliona sabuni mpya ya kunukia, ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Mbele za watu waliendelea na mchezo wao, nyoka zako zimeiva, njoo uonje, na bucha yote inacheka, na mimi naparua magamba kwa hasira. Niliwaza, hawa watu wawili ni waongo, wanatuchezea sisi wote, na baba yangu yuko Kimana anawabebea vitunguu.

Siku moja nikajifanya nimekwenda chumvi, nikazunguka. Stoo ilikuwa na tundu la msumari upande wa ua, kimo changu hasa. Nikaweka jicho.

Gunia la makaa lilikuwa limenizuia chini, kwa hivyo niliwaona kuanzia kifuani kwenda juu. Mzee alikuwa amekaa. Mama alikuwa mbele yake, karibu, karibu mno, na mkono wake ulikuwa mdomoni mwa mzee. Alikuwa akimtilia kitu kidogo kidogo kwa vidole, taratibu, kama unavyomlisha mtoto mdogo. "Polepole," alikuwa akimwambia. "Hii ni laini, meza." Kisha akachukua beseni, akashika mikono ya mzee, ile mikono mirefu yenye bangili ya shaba, akaanza kuisugua kwa limau kidole kimoja kimoja, mpaka katikati ya vidole, mpaka chini ya kucha. Mzee akasema kitu kwa sauti ya chini. Mama akacheka kile kicheko.

Nilikimbia. Sikununua chumvi wala nini. Nilikaa nyuma ya choo cha kanisa nikalia, na si kulia kwa huzuni, nilikuwa na hasira ambayo mtoto hana mahali pa kuiweka. Sijui kama unakumbuka vile mtoto wa miaka kumi anavyojua mambo: anajua nusu, na hiyo nusu inamtosha kabisa. Nilishajua kwamba watu wazima huachana. Kwa akili yangu mama alikuwa amempata mume mwenye ng'ombe na ploti, na baba angefika Ijumaa moja na gunia lake akute mlango umefungwa kwa komeo.

Ijumaa ikafika. Baba akashuka kwenye lori, akaninyanyua, akanuka vitunguu na jua. Jioni mama akiwa bado hotelini, nilimkuta akiviringa soksi zake kitandani, nikamwambia yote. Mlango, kiberiti, sabuni, mkono mdomoni, limau katikati ya vidole. Sikubakisha kitu. Hata niliongeza kidogo, nilisema huwa wanashikana mikono muda mrefu.

Baba akaiweka soksi moja juu ya nyingine.

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, baba."

"Usimwambie mtu mwingine, nyathina, mtoto wangu."

Jumamosi alikula samaki wa mama, akamshukuru. Jumapili akaondoka kama kawaida. Nikawaza hakuniamini, na ikaniuma zaidi.

Jumatano, saa kumi na kitu, lori la vitunguu likasimama mbele ya hoteli. Baba akashuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, bila gunia, bila kreti. Alipita katikati ya meza, akampita Nafula, akafika stoo na kuupiga mlango teke moja. Sikuwahi kumwona baba akipiga hata mbwa. Komeo liliruka likaangukia kwenye beseni langu.

Nami nikaona sasa kile ambacho gunia la makaa lilikuwa limenifichia. Mzee Parmuat alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, na juu ya magoti yake kulikuwa na sahani, na kwenye sahani ngege mkubwa, nusu yake imeliwa, nusu bado, na kando ya sahani miiba imepangwa vizuri, kidogo kidogo. Mama alikuwa akimtolea miiba. Mzee wa miaka sabini hakuwahi kula samaki maishani mwake kabla ya hapo, hakujua pa kuanzia, na mama alikuwa akichambua kila kipande kwa vidole vyake kabla ya kumtilia mdomoni.

Lakini kwa kishindo kile mzee alikuwa ameshtuka na kujitilia mwenyewe kipande kilichokuwa bado hakijachambuliwa. Akashika koo. Macho yakamtoka. Akajaribu kukohoa, sauti haikutoka.

"Ugali!" mama akapiga kelele. "Nafula, ugali! Tonge kubwa! Mzee, usitafune, meza, meza tu!"

Nafula alikuja anapiga mayowe, na mayowe yakaleta bucha yote. Waliingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma, wachomaji na visu vyao, vijana, Saruni na miwani yake, na nyuma yao wale wazee wa benchi. Mama alikuwa amepiga magoti anamtilia mzee tonge, la kwanza, la pili, machozi yanamtiririka mzee mashavuni. La tatu likashuka na mwiba. Akavuta pumzi. Mama akaketi chini pale pale juu ya makaa.

Hapo ndipo watu wakatazama sahani, na beseni la limau kando yake.

"Kumbe ni sinkirri," mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo. Ndivyo wanavyomwita samaki. Kijana mmoja akacheka, akanyamazishwa. Wazee wa benchi hawakucheka. Waligeuza nyuso, wote, kama wamemkuta mwenzao akioga. Mzee Parmuat alitafuta fimbo yake, akainuka kwa ile miguu yake mibaya, akapita katikati yao, na hakuna aliyempisha wala aliyemzuia.

Mama akamtazama baba. "Mwalimu. Ulidhani nini?"

Baba alikuwa bado amekunja ngumi, na alikuwa hajui aipeleke wapi. Hakunitazama, na najua alijizuia kunitazama.

Usiku huo niliyasikia yote kupitia ukuta wa mabati. Daktari wa Kajiado alikuwa amemwambia mzee aache nyama kabisa, kwa sababu ya vidole vya miguu vilivyokuwa vikifura mpaka hawezi kuvaa viatu vyake vya akala. Alikuwa anaishi kwa chai, anakonda, na kwenye benchi anajifanya ameshiba. Kuku hakumpenda, maharagwe yalimsumbua tumbo. Ndipo akaja kwa mama na kumwomba. "Mtu mzima aliniomba kama mtoto," mama alisema. "Na akaniapisha, mtu asijue, hata mume wako." Lile limau lilikuwa la kuondoa harufu ili arudi kwenye benchi akae na wenzake. Kile kicheko kilikuwa cha vile alivyokuwa akiogopa kichwa cha samaki. Sabuni ilikuwa sabuni tu.

Mpaka leo kuna sehemu yangu inayoshikilia kwamba wangeniambia. Mtoto wa kuparua magamba kutwa nzima hawezi kuaminiwa siri ya samaki? Lakini mtoto mwenyewe alikuwa mimi.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko teke. Saruni alisema mzee amelishwa. Hakusema amekula, alisema amelishwa, na kwetu Kenya hilo neno lina mambo ndani yake. Ati mwanamke wa ziwani amemtilia mzee dawa kwenye samaki ili aandike ploti kwa jina lake. Kwa nini mlango ufungwe? Kwa nini amlishe kwa mkono? Kwa nini anamwosha? Ni maswali yaleyale niliyokuwa nikijiuliza mimi, sasa yanatembea sokoni kwa miguu yao. Hata watu wetu wa viwandani wakaanza kuagiza chai na mandazi tu. Walimtazama mama akigeuza samaki, wakatazama mafuta, wakasema leo hawana njaa. Noonkopir nzima ilikuwa imepata ugonjwa wangu.

Saruni akaja akasimama mlangoni bila kutoa miwani. "Mama, mwisho wa mwezi mtoe mabati yenu. Hii ploti iko na mtu."

"Mzee amesema?"

"Mzee ni mgonjwa. Mimi ndio nasema."

Baba na mama walikwenda bomani kwa mzee na sukari, majani ya chai na blanketi jipya. Walipokewa vizuri, wakapewa chai, wakaambiwa mzee amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kesho yake tulilikuta blanketi limekunjwa vizuri mlangoni petu. Mama alilichukua akaketi nalo mapajani muda mrefu. Alisema, "Si ploti inaniuma, ni yule mzee anakula nini sasa." Baadaye akasema ploti pia inamuuma, akalia.

Hakuniuliza kama ni mimi. Nilingoja aniulize, nilikuwa nimeandaa uongo mzuri. Wiki moja hivi baada ya hapo nilikwenda upande wa ua nikakuta tundu la msumari limezibwa. Mama alikuwa amekata kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia na kukipigilia pale, kwa misumari sita. Sita, kwa tundu moja. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, akanipa mkia ninaoupenda. Lakini kuanzia hapo nilipoingia jikoni maneno yalikuwa yakikatika.

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa amekuja, ameshika nyundo, lakini hakuwa ameanza kung'oa. Sufuria zilikuwa zimefungwa kwa kamba. Meza tatu zilikuwa nje juani, moja bado ndani. Saruni alisimama ng'ambo pale buchani na mtu wa Nairobi aliyevaa viatu vyeupe, na benchi la wazee limejaa. Mama alikuwa amebakisha samaki mmoja, anamkaanga ili tule sisi wenyewe kabla ya kuzima jiko.

Mzee Parmuat alikuja kwa barabara kubwa. Hakupita kichochoroni. Alikuja katikati ya mchana, polepole, kila mtu akimwona, amekonda shingo imekuwa ndefu. Alipita mbele ya benchi, akawasalimu wenzake, wakaitikia kwa kuguna. Akavuka. Akaingia kwa mlango wa mbele, akakaa kwenye ile meza moja iliyobaki, na kiti akakigeuza kitazame nje.

"Mama Ziwani," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kupigia kelele ng'ambo. "Leta hiyo sinkirri."

Mama akabaki na kijiko mkononi. "Mzee, wanatuona."

"Ndio waone. Mimi nimekula hii chakula nikiwa nimejificha kama mwizi, ndiyo wakasema ni dawa. Leo nakula kama mwenye ploti." Kisha akapaza sauti kuelekea buchani. "Saruni! Huyo mtu mwambie arudi na gari yake. Nilisema kaa. Nimekufa?"

Yule mwenye viatu vyeupe alianza kutafuta funguo zake. Baba akaiweka nyundo chini, polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Mama alileta samaki, akanawa, akavuta kiti aanze kumtolea miiba. Mzee akainua mkono.

"Si wewe. Yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Yule wa kwa tundu." Alinitazama moja kwa moja. "Mimi ni mtu wa mifugo. Mwanga ukiingia kwa shimo halafu uzime, najua kuna jicho."

Kila mtu akanitazama, na baba akatazama sakafu. Nilinawa mara mbili. Nikaketi mbele yake. Nilikuwa najua kazi ile kuliko kuandika jina langu. Nilivunja pale mgongoni, nikatenga nyama, nikaipapasa, nikatoa mwiba, nikapapasa tena, nikampa kipande cha kwanza. Nilidhani atafungua mdomo. Hakufungua. Alikipokea kwa mkono, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango, akakifungua kwa kidole gumba, akakigeuza, akakibonyeza pande zote. Ndipo akala. Kipande cha pili, hivyohivyo. Cha tatu, hivyohivyo. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, na wazee wawili wa benchi walikuwa wamevuka barabara waje waone.

Mmoja wao akacheka kidogo. "Parmuat, kwani humwamini huyu mtoto?"

Mzee akatafuna mpaka akamaliza, akameza.

"Mimi naamini mama yake," akasema, akanyoosha mkono apewe kingine.

Nilimtazama mama aseme kitu, hata neno dogo tu la kunitetea. Mama alikuwa anafungua kamba ya sufuria. Basi nikaendelea kutoa miiba.